Mbwa Gani Atafaa Nyumbani Kwako?

Katika kijiji kimoja nilikokuwa nikisimamia madarasa ya kisomo, baba mmoja aliibiwa mbuzi watano kwa usiku mmoja. Alikasirika sana. Akauza mbuzi wengine wawili, akapanda basi mpaka mjini, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kapu. Alikuwa wa aina ile ambayo watu huiita mbwa wa polisi. Mgongo mweusi, miguu minene kama ya ndama. Kijiji kizima kilikwenda kumtazama. Mimi nami nilikwenda, na nilimsifu.

Mwaka mmoja baadaye mbwa yule alikuwa mrefu, lakini mbavu zake zilihesabika. Kutwa nzima alifungwa mnyororo nyuma ya nyumba, mahali penye giza. Baba aliambiwa na watu kwamba mbwa akifungwa gizani atakuwa mkali. Kweli akawa mkali. Siku moja mnyororo ulikatika. Mtoto wa jirani, wa miaka saba, alikuwa amekuja kuomba kaa la moto. Mbwa akamwuma pajani na mkononi.

Mbwa yule hakuwa amechanjwa. Baba akauza mbuzi wanne kwa ajili ya nauli na sindano za mtoto hospitalini. Hebu tupige hesabu. Wezi walichukua mbuzi watano. Mbwa, tangu kununuliwa kwake, alichukua sita.

Nyumba ya tatu kutoka pale aliishi mama mjane. Alikuwa na mbwa jike wa kienyeji, mdogo, wa rangi ya udongo. Alipewa bure na shemeji yake. Mbwa yule hakumwuma mtu, lakini mtu akipita njiani usiku alibweka mpaka mama aamke na kuuliza, "Nani hapo?" Wakati wote niliokaa kijijini pale sikusikia kwamba mama yule aliibiwa hata kuku.

Sisemi kwamba mbwa wa kienyeji wote ni wazuri na wa kigeni wote ni wabaya. Nasema kwamba baba yule alichagua mbwa kwa macho. Hakujiuliza mbwa atafanya kazi gani, atakula nini, na nani atamlea.

KWANZA JUA KAZI

Watu wengi wakiulizwa wanataka mbwa wa nini, hujibu, "Wa kulinda." Jibu hilo halitoshi. Kulinda nini?

Kama unataka kulinda nyumba usiku, unahitaji masikio na sauti. Huhitaji meno makubwa. Mwizi wa kijijini anategemea usingizi wako. Mbwa akibweka, nawe ukaamka, na jirani akaamka, kazi ya mwizi imeharibika. Mbwa wa kilo 12 anaweza kufanya kazi hiyo sawasawa na mbwa wa kilo 40. Tena mbwa anayeuma ni hatari zaidi kwa watu wako kuliko kwa mwizi. Mwizi huja mara moja kwa mwaka, pengine asije kabisa. Watoto, wajukuu na majirani huja kila siku.

Kama unataka kufukuza nyani na ngedere shambani, hapo mambo ni mengine. Nyani dume ana meno marefu, naye anaweza kumuua mbwa aliye peke yake. Wenye mashamba kando ya msitu wanajua hivyo. Unahitaji mbwa wepesi, wawili au watatu, na mtu awe karibu nao. Ukimwacha mbwa mmoja shambani peke yake unamtuma vitani bila silaha.

Kama unataka kulinda mbuzi malishoni, unahitaji mbwa mtulivu anayekaa na kundi. Nitalieleza jambo hili baadaye kidogo, maana lina mafunzo yake.

Na kama unataka mbwa wa kuwinda, ujue kwamba kuwinda wanyama wa porini bila kibali ni kosa, hata kama babu zetu waliwinda hivyo. Mbwa aliyezoea kuwinda hukupeleka porini hata usipotaka, na hukuletea kesi.

HESABU YA CHAKULA

Sasa tuje kwenye sufuria. Mbwa mkubwa wa kilo 35, akiwa mzima na anafanya kazi, hawezi kuishi kwa ukoko wa ugali peke yake. Kwa makisio, atahitaji kiasi cha nusu kilo ya unga kila siku, pamoja na kitu cha kujenga mwili kama dagaa, damu iliyochemshwa au mabaki ya nyama. Chukua kalamu uandike. Nusu kilo mara siku 365 ni kilo 182 na nusu. Hayo ni karibu magunia mawili ya kilo 100, kwa mbwa mmoja, kwa mwaka mmoja. Na miezi ya njaa, wakati mahindi yamekwisha ghalani, tumbo lake halipungui.

Mbwa wa kienyeji mwenye kilo 15 hula karibu nusu ya hapo. Sehemu kubwa ya chakula chake hutoka katika mabaki ya nyumba. Lakini na yeye ni kiumbe, asiachiwe jalala tu. Mbwa mwenye njaa huiba mayai, huiba nyama ya jirani, na huzurura mbali ambako hupata magonjwa. Mtu anayesema mbwa atajitafutia mwenyewe huyo bado hajawa tayari kufuga.

Jambo moja kuhusu nyama. Ukichinja mbuzi, kondoo au ng'ombe, utaona mara nyingine vifuko vya maji kwenye maini au mapafu. Usimtupie mbwa. Ndani yake mna mbegu za tegu. Mbwa akila, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mtoto akimshika mbwa na kula bila kunawa, anaweza kupata vifuko hivyo hivyo katika ini lake mwenyewe. Ugonjwa huu unajulikana sana kwa wafugaji wa Turkana na Umasaini. Maini hayo yachome moto au yafukie chini sana. Nyama nyingine ya mbwa ichemshe.

HAO WA KIGENI WALITOKA WAPI?

Kila aina ya mbwa ilitengenezwa na watu kwa kazi fulani, mahali fulani. Ukijua kazi ile, unajua na tabia ya mbwa.

Yule mbwa wa polisi alitengenezwa Ujerumani. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa kikosi cha wapanda farasi, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha kufuga mbwa hao, wakichaguliwa kutoka mbwa waliokuwa wakichunga kondoo. Kazi yao ilikuwa kutembea kutwa nzima pembeni mwa kundi, kuzuia kondoo wasiingie mashambani. Basi mbwa wa namna hiyo amezaliwa na hamu ya kutembea na kupewa amri. Polisi na majeshi walimpenda kwa sababu anafundishika. Lakini askari anayemtunza hufundishwa kwanza, na hukaa naye kila siku. Wewe ukimfunga mnyororo mwaka mzima bila kazi, akili ile yote inageuka kuwa hasira. Ndivyo ilivyokuwa kwa mbwa wa yule baba.

Kuna wengine warefu, wekundu, wenye mstari wa manyoya mgongoni unaolalia mbele badala ya nyuma. Kwa Kiingereza wanaitwa Rhodesian Ridgeback. Sifa zao ziliandikwa mjini Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Walitokana na mbwa wa walowezi waliochanganyika na mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika. Mstari ule wa mgongoni, ambao wazungu wanaulipia pesa nyingi, ni urithi wa mbwa wa Kiafrika! Ni mbwa hodari, lakini nao ni wakubwa na wana nguvu. Mzee au mtoto hawezi kuwashika kwa kamba.

Mbwa wenye manyoya marefu na mbwa wenye pua bapa niwapite haraka. Joto la pwani na la bondeni linawatesa. Wale wa pua bapa hata kupumua kwao ni kwa shida.

Liko tena suala la magonjwa. Mahali penye mbung'o, mbwa aliyeletwa kutoka mbali anaweza kupata ugonjwa wa malale ya wanyama na kufa upesi. Utamwona amekonda, ana homa, na mboni za macho zimekuwa na ukungu kama maziwa yenye rangi ya buluu. Kupe nao huleta homa yao. Mbwa wa kienyeji huugua pia, lakini wengi wao huvumilia zaidi, maana wale wasioweza kuvumilia walikufa zamani bila kuacha watoto.

HATA WETU WANATOFAUTIANA

Usidhani kwamba mbwa yeyote wa Kiafrika atafaa kwa kila kazi. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wenye mkia uliojikunja, ambao dunia inawaita Basenji. Jina hilo ni ndugu wa neno letu washenzi, kwa maana ya watu wa porini. Si jina la heshima, lakini mbwa mwenyewe anaheshimiwa. Mwaka 1937 walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts huko Uingereza, watu wakashangaa. Kilichowashangaza ni kwamba hawabweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti kama ya mtu anayeimba. Wawindaji wa Kongo huwafunga kengele za mti shingoni ili wajue walipo msituni. Sasa mbwa kama huyo, hodari kabisa kwa kuwinda, atakusaidia nini usiku wakati mwizi yuko mlangoni?

MBWA WA MBUZI

Nilisema nitarudi kwenye mbwa wa kulinda mbuzi. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa ambao asili yao ni Uturuki, ili walinde mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine. Kusudi ni kwamba mfugaji asipoteze mifugo, na duma naye asipigwe risasi. Mtoto wa mbwa huwekwa zizini pamoja na mbuzi angali mdogo, analala nao na kula karibu nao. Akikua huwaona mbuzi kama ndugu zake. Akija mnyama mkali, mbwa husimama katikati na kubweka. Mara nyingi hiyo yatosha, maana mnyama mkali hapendi ugomvi wa kumjeruhi.

Sikiliza sasa sehemu ya pili. Katika nchi jirani ya Botswana, wafugaji wamewalea mbwa wa kienyeji wa kawaida kwa njia hiyo hiyo, zizini tangu utotoni, nao wamefanya kazi vizuri. Wanakula kidogo, wanapatikana kijijini, na joto wamelizoea.

Sababu yake ni hii. Tangu mtoto wa mbwa ana wiki tatu mpaka anapofika wiki 12 au zaidi kidogo, akili yake iko wazi. Kitu chochote anachokiona mara kwa mara katika siku hizo bila kuumizwa, hukichukua kuwa ni cha kwao. Akiona mbuzi, mbuzi ni wa kwao. Akiona watoto, kuku, wazee wenye fimbo na baiskeli, hao ni wa kwao pia. Akiona giza na mnyororo tu, basi kila kinachotokea mbele yake baadaye ni adui. Ndiyo maana nasema kulea kuna nguvu sana, pengine kuliko hata aina ya mbwa.

Wale wanaomlisha mbwa pilipili, au kumpa moshi wa bangi, au kumkata masikio ili awe mkali, wanamtesa bure.

SIKU YA KUCHAGUA

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza wiki nane. Akitengwa na mama yake mapema hukosa maziwa, tena hukosa adabu. Mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kwamba kuuma kunauma.

Nenda nyumbani alikozaliwa. Usikubali kuletewa kapuni. Mtazame mama yake kwanza. Je, anakuja kukunusa, au anakimbia na kujificha, au anataka kukurarua? Mama anayebweka, kisha akatulia mwenyewe wake anapomwita, huyo ndiye mama wa mbwa unayemtaka. Uliza pia baba ni mbwa gani, ingawa kijijini jibu la swali hilo huwa gumu kidogo.

Halafu kaa chini kati ya watoto wake. Piga makofi taratibu. Yuko atakayekimbilia kona na asitoke. Mwache. Yuko atakayewapanda wenzake, kung'ang'ania nguo yako na kunguruma. Watu wengi humpenda huyo, wakisema ni shujaa, lakini kwenye nyumba yenye watoto wadogo mimi simshauri. Mchukue yule anayeshtuka, kisha akaja kuona ni nini. Tazama macho yasiwe na tongo, ufizi uwe mwekundu kidogo, manyoya yasiwe na mabaka. Tumbo kubwa na mgongo mwembamba ni dalili ya minyoo. Dawa ipo kwa bwana mifugo, kwa hiyo tumbo pekee lisikufanye umkatae.

Dume au jike? Wengi wanataka dume kwa kuogopa watoto. Ni kweli, jike hubeba mimba siku 63 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Lakini dume naye huhama nyumba kwa siku kadhaa akisikia harufu ya jike, hupigana, na hurudi na majeraha. Jike mara nyingi hutulia nyumbani. Wote wawili wanaweza kuhasiwa na mtaalamu wa mifugo. Usijaribu kwa wembe wako.

Katika vijiji vyetu wengi ni Waislamu, au wana majirani Waislamu. Mate ya mbwa yana masharti katika dini. Waliosoma wanaeleza kwamba kufuga mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda kumeruhusiwa. Jambo la ujirani mwema ni kuchagua mbwa anayekubali kukaa zizini au pembeni ya ua, mwenye chombo chake mwenyewe, asiyeingia jikoni wala kuwarukia watu wanaokwenda kusali. Mbwa anayependa kulala miguuni mwa watu hafai hapo, hata akiwa mzuri namna gani.

CHANJO HAINA AINA

Mbwa uliyemchagua, awe wa mjini au wa shemeji, lazima achanjwe kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna dawa. Ni kifo. Inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mpeleke mbwa kwa bwana mifugo akifika miezi mitatu, kisha urudie kila mwaka. Ikija kampeni ya chanjo kijijini, mpeleke hata kama ni mdogo zaidi. Mbwa 70 katika kila 100 wakiwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba walifanya hivyo. Walianza kampeni za chanjo mwaka 2010, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka kisiwani. Ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, ukaondoka mwaka 2018.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, osheni jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na aangaliwe siku kumi, bwana mifugo akiwa na habari. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo kumi ziishe. Mtoto yule niliyemtaja alipona kwa sababu mama yake hakungoja mtu amshauri. Alimwosha kisimani, akambeba mgongoni mpaka barabarani.

UKIMLETA NYUMBANI

Mpe jina fupi, na nyumba nzima mtumie jina hilo hilo. Mpe kazi mtu mmoja ya kumlisha, saa ile ile kila siku, na maji yawepo wakati wote. Wafundishe watoto wasimguse anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Kama lazima umfunge mchana, mfunge kivulini kwa kamba ndefu, kisha mfungue jioni mkiwa wote mmekaa nje, azoee sauti zenu na za wageni.

Usiku wa kwanza atalia. Kabla hujaondoka naye alikozaliwa, omba kipande cha gunia walicholalia na mama yake, ukamtandikie. Usimpige kwa kulia, wala usimwingize kitandani. Usiku wa tatu au wa nne atanyamaza.